Kichwa cha Waya Nilichokikata

Mwanangu Zuhura,

Hii ni mara ya nne naianza barua hii, tatu nimezichana. Kalamu inaruka mistari, na mkaza mwanangu Rukia kila akipita mlangoni ananiambia, "Baba, pumzika." Nimepumzika vya kutosha. Kifua kimejaa maji, daktari hana jipya la kuniambia, na kuna jambo sitaki kuzikwa nalo. Namba yako niliyo nayo haiiti tena. Kwa hivyo barua hii nampa msafiri wa Mombasa ikutafute huko, na nimewaambia wote wa hapa kwamba anayetaka kuisoma kwanza aisome.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka tisa, tukiishi ukimbizini Mombasa? Ulikuwa unakaa mkekani kwangu na mabaki ya nyaya za simu, nami nakufundisha kazi niliyoifanya Kismayo kabla ya vita, katika kituo cha simu. "Rangi kwa rangi," nilikuwa nakwambia. Nyekundu iliyoingia huku itoke nyekundu kule. Ulikuwa unaikariri kama watoto wa chuo cha Kurani. Marehemu baba yako, ndugu yangu, akasimama mlangoni akatuuliza, "Mwasuka nini nyinyi, ukili?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Twasuka simu, baba." Alicheka mpaka akakaa chini.

Kanuni ile ndiyo iliyokuharibia, na aliyeishika ni mimi.

Tuliporudi Kismayo ulikuwa umeshasoma mitandao, na mimi nimeshazeeka. Skuli ilikuwa na ruta iliyopokea mtandao wa antena. Zahanati, ng'ambo ya ukuta, ilikuwa na ruta ya pili, lakini jenereta ilikuwa imeunguza tundu lake moja la mtandao, na lililobaki lilishika kompyuta ya muuguzi. Kamati ya skuli na zahanati ilitaka muuguzi aweze kumwandikia daktari wa Mombasa bila kukimbia na karatasi mpaka skuli. Wote tulisema haiwezekani mpaka inunuliwe ruta mpya. Wewe ukaigeuza ile mashine, ukaonyesha kwa kidole tundu la pembeni lililoandikwa AUX, ambalo sisi sote tulidhani ni la mapambo.

"Na ya skuli inalo pia," ulisema. "Tutaunganisha haya mawili. Itakwenda polepole, lakini maandishi yatapita."

Ukatoboa ukuta, ukapitisha waya, ukabana vichwa viwili vya plastiki. Kamati iliahidi kwamba ikifanya kazi, mitambo yote ya skuli na zahanati itakuwa mikononi mwako. Uliniambia, "Ami, nikiipata hii sihami tena." Nilijua maana yake. Ulikuwa umechoka kuhama kuliko sisi sote.

Sasa nisikilize. Asubuhi ya siku ya majaribio nilifika skuli mapema. Wewe ulikuwa zahanati unamwelekeza muuguzi. Nilikishika kichwa cha waya cha upande wa skuli, nikavaa miwani, nikatazama rangi. Zilikuwa zimegeuka. Rangi ya machungwa iliyoanza kushoto upande wa zahanati, huku imekaa kulia, na zote nane vivyo hivyo, kinyume moja baada ya moja. Nikasema moyoni, mtoto kapitiwa, na watu wanakuja kumtazama. Nikachukua koleo lako, nikakikata, nikabana kipya. Rangi kwa rangi. Nilijiona nimekusitiri.

Sikukuuliza. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba ulikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu, nyuma ya ukuta mmoja, nami sikupaza sauti.

Watu wakaja, ukaanza, na hakuna kilichopita. Ukapunguza kasi upande wako, ukaja ukapunguza upande wetu. Ukazima, ukawasha. Jasho lilikutoka mpaka buibui ikakushika mgongoni. Mwenyekiti, Mzee Athmani, alikuwa na mzaha wake wa siku zote juu ya kisiwa chetu cha Fuma, tunakosema mchu badala ya mtu, lakini siku ile haukuwa mzaha: "Mchu wa Fuma na mitambo, wapi na wapi?" Watu wakacheka. Ukanigeukia ukaniuliza taratibu, "Ami, kuna aliyeugusa waya wangu?"

Nikakujibu, "Nani auguse waya wako?"

Nilikujibu kwa swali ili nisiseme uongo. Nimeishi na ujanja huo mdogo miaka yote hii. Wewe ukaamini. Hukuja kukitazama kile kichwa kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kando yake. Mara nyingine nakukasirikia hata wewe. Kwa nini hukuja kutazama? Ungeona mara moja. Halafu najiona nilivyo, mzee anayemlaumu mtoto kwa kumwamini.

Adhuhuri mwenyekiti alifunga kikao. Kazi akapewa fundi mwingine aliyekuja na ruta yake mpya. Juma lile lile ukashuka Ras Kamboni, ukavuka Kiunga, ukaenda zako. Ulipokuja kuniaga ulisema, "Nisamehe Ami, nimekuaibisha." Nami nikakupokea msamaha huo.

Ningeweza kusema sikujua. Siku ile kweli sikujua. Lakini uliacha daftari lako kwenye kabati la skuli, na siku chache baada ya wewe kuondoka nikalifungua. Ulikuwa umechora vichwa vyote viwili, na mishale inayopishana, na chini umeandika: rangi zigeuke, kwa sababu mashine zote mbili zinasemea waya mmoja na kusikilizia mwingine. Zikiungwa sawa kwa sawa, kila moja inasema kwenye mdomo wa mwenziwe na hakuna anayesikia. Nikalifunga daftari. Nilikuwa mtu wa kuheshimiwa, Zuhura, mtu aliyesoma, na kamati yote ilikuwa imeshasahau. Nikaona yamepita.

Mwezi uliopita niliziomba zile ruta kuukuu, zilikuwa zikiliwa na chumvi stoo. Nilitaka kuubana waya kama ulivyouchora. Vidole havitii. Niliharibu vichwa kadhaa, nikavurumisha koleo ukutani, Rukia akaja mbio na uji mkononi. "Baba, wagombana na masanduku?" Nikamwambia ndiyo. Siku ya tatu nikapata mmoja uliokaa sawa. Nikaweka kasi ileile pande zote mbili, kama daftari lilivyosema, nikaiamuru ruta moja iiite ya pili. Ikaitikia. Nilikaa nikaitazama ikiitikia. Sikufurahi hata kidogo. Kazi yako ilikuwa sahihi tangu asubuhi ile, kabla sijavaa miwani.

Nikamwita Mzee Athmani, nikamwambia kila kitu. Akasema, "Umenifanya nimdhulumu mtoto mbele za watu, na wewe umekaa unanitazama." Akaondoka, kahawa yake hakuigusa. Ijumaa, baada ya sala, akasimama akawaeleza watu wa ile kamati na waliokuwapo, akalitaja jina lako na langu. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti nyuma. Kwangu hajaja tena, na simlaumu.

Sikuombi urudi. Sikuombi hata unijibu, maana jibu huenda likakuta nimeshaondoka. Ule msamaha ulioniomba mlangoni, nakurudishia, haukuwa wako kuuomba.

Ndani ya bahasha utakuta kile kichwa nilichokikata. Nilikihifadhi tangu siku ile kwenye kopo la buni, wala sijui nilikuwa namfichia nani. Kishike uelekeo wa nuru uzitazame rangi zake nane. Umezipanga vizuri, mwanangu.

Ami yako, aliyekufundisha rangi kwa rangi