Mimba Isiyojulikana Umri Wake

Jumanne. Mfungo Nane, mwezi wa nane baada ya Ramadhani, umeandama juzi, joto halipungui, na mvua za vuli hazijaonekana. Nimerudi kutoka hospitali nikiwa nimechoka hata kuvua viatu.

Mkamwana wangu Rehema amelazwa. Shinikizo lake la damu limepanda. Mwanangu yuko kazini Chalinze, kwa hiyo niliyeingia naye katika chumba cha ultrasaundi ni mimi.

Daktari, binti mwenye adabu, aliniamkia, kisha akapima kichwa cha mtoto na mfupa wa paja. Mashine ilisema wiki thelathini na tatu. Akatueleza kwamba mimba ikishakuwa kubwa, watoto hutofautiana maumbo, na kipimo huweza kukosea wiki tatu, mbele au nyuma. Kama imekaribia kutimia, mtoto atolewe leo, kabla mama hajapata kifafa cha mimba. Kama bado, mapafu hayajakomaa.

Angalipimwa mapema tungalijua. Lakini kwetu mimba changa haitangazwi, na kliniki aliianza tumbo likiwa limeshaonekana.

Daktari akamwuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Rehema akainamisha macho. Nikajibu mimi.

"Alifunga Ramadhani yote nyumbani kwangu, hakuacha hata siku moja. Basi mimba ni ya tangu Shaabani."

Muuguzi aliyekuwa kando akacheka kidogo. "Mama mkwe, tumbo ni la nani? Mwache mwenyewe aseme."

Ndipo Rehema alipozungumza, sauti chini.

"Mama, nisamehe. Kumi la mwisho la Ramadhani nilikuwa katika siku zangu. Nilikuwa nikila chumbani, kisha nakuja kufuturu nanyi."

"Kwa nini usiniambie?"

"Ulikuwa ukinisifu mbele ya wageni, Mama. Niliona haya."

Mwenye hedhi hafungi. Hilo nimelijua tangu ujana wangu.

Daktari alihesabu upya kuanzia siku hizo: wiki thelathini na moja hivi. Mtoto angali mchanga mno. Rehema amechomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, na shinikizo linapimwa kila mara. Likizidi kupanda, watamtoa mtoto hivyo hivyo.

Kwa hesabu yangu ya Shaabani mimba ilikuwa imekaribia kutimia, na nilikuwa karibu kuwaambia wamtoe mtoto leo. Lile la Ramadhani nililisema kwa yakini, kama ninavyosema kila kitu.

Asubuhi nitarudi wodini. Daktari akija kumwuliza jambo, nitatoka nje kwanza.