Ule Upuuzi wa Kwenye Kompyuta

Mkwe wangu,

Chai iko kwenye chupa. Kompyuta usiizime, bado inapakua mafaili.

Asubuhi umeniambia, "Baba, mashine imepagawa, inaandika upuuzi," ukafuta vipande vyake viwili. Ule upuuzi, mwanangu, ni redio. Mtu mmoja kwenye kikundi cha mtandaoni ameweka kipindi cha zamani alichoimba marehemu mke wangu, kikiwa kimekatwakatwa na kugeuzwa herufi. Vipande vyote vikipatikana, programu huvifumbua vikawa sauti tena. Kesho vinaondolewa.

Mumeo alinishauri nichukue programu ya bure inayopakua na kufumbua yenyewe. Mimi, msomi wa shule ya usiku, nikachagua nyingine, ya bure vilevile, inayomwachia mtu kazi ya kufumbua, nisije nikafanywa mvivu. Matokeo yake umeyaona, na mimi nimekwenda kliniki nimenuna.

~~Asiguse mtu chochote mpaka nirudi.~~ Mwambie mumeo aweke ile yake, ipakue vipande vyote upya. Asinicheke mbele ya watoto.

Mke wangu akianza kuimba, msinisubiri. Wajukuu hawajawahi kumsikia.

Baba mkwe