Farasi Aliyemsubiri Tata

Kolwezi, Jumamosi jioni, mwisho wa Agosti. Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Nimefunga madirisha yote na bado naweza kuandika jina langu kwa kidole juu ya meza. Moyo umejaa.

Leo nimepata kile nilichokuwa nakitafuta tangu Mei, na tangu saa nne asubuhi sijaacha kulia.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi napanda farasi. Ndiyo, hapa hapa Kolwezi. Si mbio wala kuruka vizuizi. Mchezo wangu unaitwa dresaji. Wewe na farasi mnaingia uwanja wa mchanga wenye herufi pembeni, na kila mkifika kwenye herufi mnabadilisha mwendo: hapa mnatembea, pale mnakimbia taratibu, mbele mnachora duara, katikati mnasimama. Waamuzi wanatoa alama kwa utulivu na usahihi. Herufi zetu zimepakwa rangi kwenye mapipa ya mafuta yaliyochoka. Wenzangu wa kwaya husema huu ni mchezo wa watu walioshiba. Mchana mimi niko duka la dawa nauza vidonge vya malaria, kwa hiyo waseme tu, kunisema hakunipunguzii kilo.

Nina farasi wawili. Rozeta bado mdogo na akili zake hazijatulia, tumwache. Hadithi yote ni ya Kapris.

Kapris alikuwa wa mhandisi mmoja mgeni. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao akamwacha farasi kama mtu anavyoacha kabati lisiloingia kwenye gari. Tata yangu, yaani baba, karani wa mgodi, alimchukua kwa sababu mimi nilikuwa naenda kumwangalia kila Jumapili baada ya misa. Tata mwenyewe hakupanda farasi hata siku moja. Aliwaogopa. Maisha yake yote ya farasi aliyamaliza akiwa amesimama nje ya uzio, suruali imepigwa pasi, karatasi mkononi.

Karatasi ile ndiyo ilikuwa kazi yake. Katika mchezo huu mpanda farasi haruhusiwi kutoa sauti, ukimsemesha farasi unakatwa alama. Lakini katika mashindano mengi ya vilabu vyetu, mtu mwingine anaruhusiwa kusimama pembeni na kukusomea mwendo unaofuata ili usisahau. Tata alikuwa msomaji wa masomo pale parokiani, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Karatasi iliandikwa kwa Kifaransa. Yeye aliigeuza kwa Swahili yetu, maana alisema Kifaransa kinamrudisha ofisini.

“Ku A, ingia. Ku X, simama. Salimia bakubwa.”

Mwaka wa kwanza kule Lubumbashi waamuzi walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Mwaka uliofuata waliacha kucheka, kwa sababu Kapris alisimama pale katikati, miguu minne imenyooka, kabla sijagusa hatamu. Alikuwa amemsikia Tata.

Kocha wetu alituonya. Alisema farasi anatakiwa kumsikiliza aliye mgongoni, si aliye nje ya uzio. Tukamcheka. Tulikuwa na farasi anayejua Swahili, nani angetaka kumrekebisha? Kosa letu tulilifanya sifa, tukalionyesha kwa kila mgeni aliyepita.

Tata alifariki Machi. Presha. Alianguka akitoka parokiani, na kabla hawajampakia kwenye gari alikuwa amekwenda.

Mei tukaingia msimu. Nilifikiri nitapona kwa kupanda. Shindano la kwanza, kocha alijitolea kunisomea. Tuliingia vizuri, tukasimama pale X, nikasalimu. Halafu kocha akasoma mwendo unaofuata, nami nikabana miguu kumwambia Kapris twende. Hakwenda. Nikabana tena. Aliinua kichwa, akatazama uzio upande wa kushoto, kisha wa kulia. Watu walidhani ni kiburi. Mwamuzi aligonga kengele, tukatolewa nje, na nilipofika kwenye zizi niliweka uso wangu shingoni mwake. Mimi niliambiwa Tata amekufa. Yeye hakuambiwa na mtu.

Sasa nieleze habari ya Tata Kabeya.

Ni mdogo wake Tata, dereva wa lori kule Fungurume, mtu wa mizaha. Kwetu watu wa Kasai ndugu ya baba si mgeni wa sikukuu. Ni baba. Matanga yalipokwisha, familia ilimkalisha kwenye kiti cha marehemu, tukaambiwa huyu hapa ndiye tata yenu sasa, hakuna yatima katika nyumba hii. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyeitwa na hakimu. Nilimpenda kwa kukaa vile.

Juni alipita Kolwezi na mzigo, akanisindikiza mazoezini ili acheke kidogo. Akaokota karatasi ya Tata, akasoma kwa sauti, kwa utani tu. “Ku A, ingia!”

Kapris aliinua kichwa na kuondoka nami kama aliyefunguliwa mlango.

Sauti zao ni moja. Nilikuwa najua, hata kukohoa kwao ni kumoja, lakini sikuwa nimewahi kuisikia nikiwa juu ya farasi. Alisoma mpaka mwisho na Kapris alifanya kila kitu, duara, mstari, kusimama. Nami nakiri hapa: nilifumba macho. Nilizunguka uwanja mzima nimefumba macho, na nilikuwa na baba.

“Ngalula,” akaniita tulipomaliza, “farasi hii inajua Swahili kupita batoto yangu!”

Tangu siku ile akawa anakuja kila Jumamosi. Julai tulikwenda naye Likasi, akasoma, tukashika nafasi ya pili. Nilianza kulala vizuri. Nilianza kusahau kwamba ni utani.

Mama ndiye aliyenizindua, bila kutaka.

Tangu mazishi Mama hakuwa amekanyaga klabu. Jumamosi moja mwanzoni mwa mwezi huu aliamua kutuletea chakula, bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki, na akapita njia ya nyuma ya mazizi ambako uwanja hauonekani. Mimi nilikuwa nazunguka kwenye duara, Tata Kabeya anasoma. Nikamwona Mama akitokea kwenye kona ya zizi. Anakimbia. Mama yangu mwenye magoti mabovu, anayepanda ngazi tatu za kanisa kwa kupumzika, anakimbia huku ameshika kitenge kwa mkono mmoja na beseni kwa mkono mwingine. Na usoni alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu kabla ya Machi.

Halafu akamwona Tata Kabeya na karatasi.

Alisimama. Akaweka beseni chini polepole, akaketi palepale kwenye vumbi, miguu imenyooshwa mbele, kama wanawake wanavyoketi kwenye matanga. Nilishuka nikamkimbilia.

“Mi niliisha kumuzika,” akaniambia. “Niliisha kumuzika, Ngalula, na nilikimbia.”

Tata Kabeya alivua kofia. Hakujua aweke wapi mikono yake. Mama akamtazama kwa upole, akasema, “Haina kosa yako, Kabeya. Lakini usisome tena.”

Tulikula kile chakula, samaki kwa miiba yake yote.

Jumatatu nilimwuliza kocha habari ya shindano la mwisho, lile la Lubumbashi, wiki moja kutoka leo. Akanikumbusha kwamba daraja tulilofikia baada ya Likasi halina msomaji. Unaingia na unachokijua. Kwa hiyo njia zote mbili, ya Mama na ya mashindano, zilikuwa zinaishia mahali pamoja. Kapris alipaswa kufanya kazi bila sauti.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa nimeombwa nini. Nguo za Tata tuligawana. Kiti chake kina mtu. Simu yake anaitumia binamu yangu, na namba ile ikiita sasa anaitika kijana anayetafuna chingamu. Katika dunia hii nzima Kapris peke yake ndiye aliyekuwa bado anamtii. Na ni mimi niliyepewa kazi ya kumwachisha, kama mtoto anavyoachishwa ziwa.

Nilifikiria kuacha. Nilifikiria kusema farasi amezeeka, tumpumzishe, abaki na sauti yake. Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini farasi asiye na kazi hapa kwetu hakai muda mrefu. Klabu inahitaji nafasi, na watu wanaotaka kumnunua wanamtaka avute mkokoteni. Akifanya vizuri Lubumbashi atabaki klabuni kama farasi wa kufundishia vijana, hilo kocha amenihakikishia. Asipofanya, sina la kumwahidi.

Basi nikamwachisha.

Inafanyika hivi. Unavuruga mpangilio wote. Unaanzia katikati, unarudi nyuma, unasimama mahali ambapo hatujawahi kusimama, ili asiweze kukisia. Anapoinua kichwa kutafuta uzio, unamgusa kwa mguu. Anaposubiri, unamgusa tena. Akikufuata, unampapasa shingo. Wewe mwenyewe hufungui mdomo. Siku za kwanza alinipinga, si kwa hasira, alisimama tu akanyanyua masikio, na mimi nikamgusa kwa mguu huku machozi yananiingia mdomoni na vumbi lake. Kila asubuhi kabla ya kazi. Kila asubuhi alitazama uzio mara chache zaidi kuliko jana yake. Kocha alinisifu. Nilimchukia kidogo kwa sifa zile.

Leo asubuhi tulifanya zoezi zima, kwa mpangilio wake, tangu kuingia hadi salamu ya mwisho. Hakuna aliyesema neno. Kapris hakusubiri popote. Alikuwa mwepesi chini yangu, mgongo umeinuka, ananisikiliza mimi, mimi tu, kama vitabu vyote vinavyotaka. Sijawahi kupanda vizuri hivyo. Kocha alisimama kwenye kiti chake akapiga makofi.

Tata Kabeya alikuwepo. Alikuja kukagua lori litakalotupeleka Lubumbashi, na muda wote alisimama kando akiwa amefunga mdomo, kama alivyoombwa. Tulipokuwa tunatoka uwanjani, hatamu nimezilegeza, tukampita karibu kabisa. Sijui ilikuwa furaha au ni ile mizaha yake tu inayomtoka kabla hajafikiri. Akasema kwa sauti ile, “Kapris, simama!”

Kapris hakusimama.

Hakusita hata hatua moja. Alimpita akaenda zake kwenye maji, ametulia, mkia unafukuza nzi.

Tata Kabeya alinigeukia. “Ameisha kumusahau,” akasema. Halafu akaenda kukagua magurudumu ya lori ambayo alikuwa ameshayakagua.

Kocha alinikumbatia, akaniambia sasa huyu ni farasi wa mashindano. Nilimshukuru. Nilimwogesha Kapris, nikamkausha, nikampa karoti, nikasema asante kwa kila aliyenipongeza. Nyumbani Mama aliniuliza kama sasa anaenda bila sauti. Nikasema ndiyo, Mama. Akasema, “Muzuri,” akaingia chumbani akafunga mlango.

Machi nililia kwa sababu Tata alikufa. Leo nalia kwa sababu palikuwa bado na mahali pamoja ambapo hajafa, na mimi ndiye niliyepafunga, kwa uvumilivu, kwa ustadi, nikisifiwa. Sijui kama nimemwokoa Kapris au nimemwibia. Labda yote mawili.

Ningetaka kesho nilale. Ningetaka nisimwone farasi kwa wiki nzima. Lakini kocha anasema mpaka siku ya safari nisiache mazoezi hata mara moja, kwa hiyo asubuhi nitakuwa tena juu yake, mdomo nimeufunga, asije akakumbuka.