Sala Nitakayosema Siku ya Ngoie

Kalemie, yenga asubuhi, siku ya misa

Mama wangu mupenzi,

Jambo sana, na jambo tena. Goti linasemaje? Mihogo umeshaitoa ndani ya maji? Mimi niko muzima, tena nimenenepa shingo. Ukiniona stesheni utafikiri ni mutoto wa mukubwa fulani. Simu ulinikata katikati ya neno, nikasema sawa, barua utaikataje? Ngoie dada yangu, wewe njo unamusomea Mama: soma yote, usiruke mistari kama ulivyokuwa unaruka masomo.

Mama, habari uliyopata ni nusu. Ulisema: "Mutoto ameacha kusali. Siku wakwe wanaleta mahari ya Ngoie, Papa mudogo njo atasimama kuombea chakula." Neno lile liliniuma. Papa alipokufa, ulinishika bega mbele ya watu wote, ukasema mahali pake ni pangu. Sasa nisikie kwanza, kisha uamue.

Ni kweli, misa siendi tena. Siku ya posho, yenga ikiwa kesho, tunakutana watu sita kwa Papa Numbi, fundi wa cherehani hapa karibu na soko. Tunajiita watoto wa Nuhu. Usicheke! (Umecheka, najua. "Sasa munajenga safina?" Hapana, Mama, mimi mashua ninazipakua tu.) Tunamuabudu Mungu mumoja, tunashika amri saba alizoachia watu wote kupitia Nuhu: usiabudu sanamu, usimutukane Mungu, usiue, usiibe, na zingine. Wayahudi hatuko, na hatutafuti kuwa Wayahudi.

Lakini unanijua, mimi kuwa wa mwisho siwezi. Nikapata ndani ya simu ya rafiki kitabu cha sala za Wayahudi kwa Kifaransa. Kifaransa changu kilisimama sekondari ya pili, lakini sauti ninayo! Juma nzima nikakariri. Siku ya posho nikasimama, kifua mbele, macho nimefunga, nikamushukuru Mungu kwa kututoa Misri, sisi na baba zetu.

Papa Numbi akasimamisha cherehani.

"Ilunga, baba yako alifika Kabalo kwenu akitoka wapi?"

"Kongolo, Papa."

"Na nini?"

"Na treni."

"Sasa Misri alipita saa ngapi?"

Mama, walicheka mpaka vifungo vikamwagika chini. Mimi, mwenye sauti, nilikuwa natafuta mulango. Muzee akanivuta mukono, akanikalisha. "Ile ni sala yao," akasema. "Wao waliamriwa, wana saa zao na maneno yao. Ukisema 'umetuamuru' kwa kitu hukuamriwa, unamwambia Mungu bongo, uongo mutupu, usoni. Zaburi soma, hakuna anayekukataza. Lakini zaidi ya yote, sema yako. Musifu, mushukuru, muombe, kwa Kiswahili chako hicho. Mungu hakosi lugha ya kukuelewa." Nikamuuliza: ni yote? Akasema: "Jaribu kwanza, utaona kama ni ndogo."

Nilijaribu, nikakosa neno. Mimi! Siku tatu nikawa bubu. Ya inne, tukiwa bandarini tunapakua simenti ya Kabimba, rundo likaanguka, mifuko ikamubana muguu Papa Kitenge, yule muzee wa timu yetu mwenye rozari shingoni. Wenzetu wakaanza kuondoa mifuko. Mimi nilikuwa nimemushika kichwa. Akasema, "Ilunga, wewe mwenye mudomo, sali. Mimi maumivu yameninyang'anya maneno."

Nikasema: "Mungu uliyeumba muguu huu, unajua ulivyo ndani. Huyu ni baba wa watu. Tupe nguvu tuinue, na usimuache. Asante bado anapumua." Njo ilikuwa yote. Akasema amina. Muguu ulivunjika, lakini yeye yuko.

Jana nilimutembelea, akaniuliza: "Sala ile ni ya kanisa gani? Yesu hukumutaja."

"Tunamuomba Muumba mwenyewe, Papa, bila muntu wa katikati."

Akashika rozari shingoni. Kisha akasema, "Mimi rozari yangu siachi. Lakini siku ile hukusema bongo."

Mama, tangu siku ile sifungi mudomo! Nasali nikipanda mulima, nasali na mufuko mugongoni. Nilifikiri sala ni kitu cha kuazima kwa wenye kusoma, kumbe hata mimi ninayo! Sasa sikia ile nitakayosema siku ya Ngoie:

"Mungu mumoja, uliyeumba ziwa na muto, umemulea huyu dada kwa mikono ya mujane ambaye shamba halikumushinda. Asante. Leo nyumba mbili zinakutana. Uwape amani, uwape kuambiana kweli. Chakula hiki ni chako, sisi tumepika tu."

Jina la Yesu halimo, na alama ya musalaba sitafanya. Nakuambia sasa ili usishituke mbele ya wakwe. Anayetaka kuifanya aifanye, sitamuzuia muntu. Ningeweza kusema ile uliyonifundisha, ukafurahi. Lakini ningesimama mahali pa Papa nikisema bongo.

Nisalimie Papa mudogo, na mwambie sina vita naye. Nisalimie shangazi muuza samaki, na bibi yetu asiyesikia. Mupigie kelele jina langu. Na wewe Ngoie, bwana arusi mwambie mimi ni mukubwa kuliko kwenye picha.

Mama, moyo wako ukikubali, nitumie neno. Ukikataa, nitakuja vilevile. Nitabeba viti, nitakaa nyuma, Papa mudogo asimame. Sitanuna.

Nitanuna kidogo. Lakini nitakuja.

Mimi wako wa kwanza kuzaliwa, na wa kwanza kukusumbua,
Ilunga