Tata, Njiwa Walikuwa na Minyoo

Kwako Tata, baba yangu, uliyelala kando ya migomba yako Nyamache,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Ekegusii, lugha yetu, ningelia kabla ya kufika mstari wa pili. Na leo lazima nifike mwisho.

Nianze na njiwa. Majirani walifuga kuku na ng'ombe, wewe ukaongeza njiwa, na Mama hakuchoka kukuuliza hao hukamuliwa saa ngapi. Ulicheka tu. Kila jioni ulitandika jani la mgomba chini ya kizimba chao, na asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma chai, uliinama kulisoma. Mimi mtoto niliinama kando yako. "Kinyesi kigumu chenye kofia nyeupe, huyo ni mzima," ulinifunza. "Cha majimaji ya kijani, kuna mtu mgonjwa huko juu." Uliwaita watu. Kazi yangu ya maabara ya mifugo ilianzia hapo, nikiwa nimepiga magoti, ingawa cheti changu hakisemi hivyo.

Ndiyo maana aibu yangu ni kubwa.

Unakumbuka uliponipigia simu kazini kwangu Nyamira? Njiwa walikuwa wakila vizuri lakini wanakonda, mfupa wa kifua umetokeza. "Kemunto, hawa wako na minyoo," ulisema. "Nimewapea kitunguu saumu, lakini nataka dawa ya kweli. Angalia kwanza na hiyo mashine yenu." Nikakwambia utume kinyesi. Sikukueleza kitumwe vipi. Nilidhani msomaji wa majani ya migomba hahitaji kufundishwa nami.

Kifurushi nilikipokea stejini Keroka. Ndani ya kopo mlikuwa na unga mkavu, msafi, usio na harufu hata kidogo. Nikakupigia kuuliza ni nini. "Nilianika siku tatu," ukasema kwa fahari, "halafu nikapepeta na ungo, nikatoa manyoya na mchanga. Siwezi tumia msichana wangu uchafu mbele ya watu wa ofisi." Ulikuwa umekifanyia kinyesi kile yote uliyoyafanyia nafaka ya wimbi ya kumpa mgeni. Wenzangu walicheka sana. Nami nilicheka nao, Tata.

Kinyesi cha kupima minyoo hutakiwa kibichi. Kikikauka juani, mayai ya minyoo husinyaa na kupasuka. Kikipepetwa, upepo hubeba yaliyosalia. Nilijua hayo, niliyafanyia mtihani. Ningesema tu, "Hii haifai, tuma nyingine." Lakini nilikuwa na haraka, na nikaona vibaya kukwambia umekosea baada ya jua la siku tatu. Nikakoroga unga wako katika maji ya chumvi, nikachungulia kwenye hadubini, sikuona kitu. Nikakupigia: "Tata, hawana minyoo. Waongeze chakula."

"Sawa," ukasema. "Kama wewe umeona, imeonekana."

Tangu siku hiyo kila nilipouliza habari za njiwa ulijibu, "Wako." Kisha presha ikakuchukua, asubuhi ya Sabato, shati lako la kanisani likiwa bado kwenye kiti.

Nilipokuja kukuzika nilikuta njiwa watatu. Watatu, katika kizimba kilichokuwa kikijaa kelele! Wageni walipokwisha kuondoka nilitandika jani la mgomba, na asubuhi nikaenda kazini na kinyesi kibichi. Sikuhitaji kutafuta. Kioo kilijaa mayai yenye umbo la limau, kila ncha na kizibo chake: mayai ya minyoo myembamba kama unywele, inayojichimbia utumboni. Kando yake yalikuwa mayai makubwa ya minyoo mirefu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyatambua. Nililia palepale, na safari hiyo hakuna aliyecheka.

Nilirudi na dawa. Mmoja alikufa hata hivyo. Nikamwambia Mama ukweli wote, nikitarajia anikemee. Aliendelea kuchambua mboga za chinsaga, halafu akasema polepole, "Alijua."

"Alijua nini?"

"Aliona minyoo kwa jani, kwa macho yake, baada ya wewe kusema hakuna. Nilimwambia anunue dawa. Akakataa. Alisema akionekana dukani akinunua dawa ya minyoo, watu watasema msichana wake hajui kazi. Akanikataza nisikwambie."

Tata, ulizika njiwa wako mmoja mmoja ili jina langu libaki safi. Mimi sikustahili hata njiwa mmoja. Ningekuwa na neno moja tu la kukurudishia, ningekuuliza kwa nini hukunigombeza. Ungenigombeza, ningelia, ungeudhika, na kesho yake ungetuma kinyesi kibichi, kinanuka, na tungewaponya.

Siku hizi kila mfugaji anayenipigia simu namwambia: usianike, usipepete, niletee kikiwa kibichi. Wao hucheka. Mimi siwezi.

Jana jioni nilitandika jani. Leo asubuhi nimelisoma peke yangu, magoti yakiwa kwenye umande: viwili, vigumu, vyenye kofia nyeupe. Nikavipeleka kwenye hadubini vilevile, vibichi. Wako wazima, Tata. Nimeona, na sasa nimeona kweli.

Lala, usiniandalie chochote tena.

Ni mimi msichana wako,
Kemunto