Binti Yangu Amelitambua Goti Langu

Mpendwa Bi Orimo,

Safu yako huisoma mke wangu kila Jumatano, mimi gazeti hulikuta tu limeshafungiwa vitunguu, lakini leo nimekata shauri kukuandikia mwenyewe, kwa hiyo niwie radhi nikijikanyaga, sijazoea kujieleza, kazi yangu ni ya kukaa kimya.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, naishi mtaa wa Nerima na mke wangu Mikage na binti yetu Chigusa, ambaye yuko darasa la kwanza. Kwa miaka kumi na tisa nimevaa mavazi ya mazimwi katika tamthilia za mashujaa za televisheni, yaani yule anayerushwa, anayewashwa moto, anayeporomoka kutoka juu ya machimbo ya mawe, ndiye mimi, na sura yangu haijaonekana hata mara moja wala sikuwahi kulalamika. Mwaka huu ndipo nilipopewa kuwa shujaa mwenyewe. Kuna kijana mwenye sura nzuri anayeigiza mpaka dakika ya kubadilika kuwa shujaa, akishabadilika tu, ndani nimo mimi. Shujaa huyo anaitwa Tetsuba, na huenda umesikia wazazi wakinung'unika juu yake, maana tamthilia hii si ya kuchekea: humo mtu akikata tamaa kabisa anageuka zimwi, na akishageuka hakuna dawa, Tetsuba lazima amkate kwa upanga hata kama anamjua.

Sisi tuna kanuni moja kubwa, kwamba mtoto asikuone umevaa vazi bila kichwa. Kichwa ndivyo tunavyokiita kile kinyago. Uwe na kiu, utake kutapika, utangoja mpaka ufike nyuma ya pazia. Mkuu wetu wa mapigano, Bwana Kurebayashi, aliniambia siku ya kwanza kwamba anayevua kichwa mbele ya mtoto amemuua Tetsuba kuliko zimwi lolote, na nyumbani vilevile ni kufunga mdomo. Kwa hiyo Chigusa anajua baba yake hubeba nyaya na taa.

Sasa kosa langu ni hili. Goti langu la kulia liliumia zamani kule machimboni, na tangu hapo kabla sijainuka huligonga mara mbili kwa kiganja, mkono unakwenda wenyewe. Katika sehemu ya nne Tetsuba alikuwa amelala chini, nami nikaligonga, nikainuka, nikajua nimeshaharibu, lakini Bwana Kurebayashi akasema, "Acha hivyo hivyo. Huyo ndiye Tetsuba." Leo nenda uwanja wowote wa michezo utaona watoto wanagonga magoti yao. Nilijivuna, Bi Orimo, sitakuficha, nilijivuna sana.

Wiki tatu zilizopita, Jumapili asubuhi, tulikuwa tumekaa kwenye meza yetu ya joto, ile fupi yenye hita chini yake, blanketi magotini, tunatazama ile sehemu ambamo mwokaji mikate, rafiki yake Tetsuba, anageuka zimwi baada ya kufiwa. Anaomba asikatwe. Tetsuba anaanguka, anagonga goti mara mbili, anainuka, anamkata. Nami dakika hiyohiyo nikainuka kwenda kuchukua machenza jikoni, na mkono wangu mjinga ukagonga, moja, mbili. Chigusa akaitazama televisheni, akanitazama mimi.

"Baba, ni wewe?"

Nikamwambia baba hubeba nyaya. Akauliza kwa sauti ndogo, mimi nikigeuka utanikata, nikamwambia mazimwi hayapo, haya, kula chenza lako.

Tangu siku hiyo mtoto si yule. Zamani alikuwa akiniwekea miguu yake mapajani chini ya meza, baridi kama samaki, siku hizi anakaa upande wa mama yake na kuikunja isigusane na yangu. Shuleni hakuna tatizo, mwalimu wake anamsifu kwamba amekomaa, anatabasamu wakati wote, juzi alianguka akachubuka hadi damu na hakulia kabisa. Tatizo ni nyumbani tu, kwangu mimi.

Na sasa dada yake Mikage ametuletea tiketi za Jumapili ijayo, siku ya watoto kupeana mkono na Tetsuba, na ndani ya vazi nitakuwa mimi. Chigusa amesema atakwenda kumuuliza Tetsuba mwenyewe, na Tetsuba haruhusiwi kusema neno. Mke wangu ananiambia, "Baba Chigusa, mtoto anajua. Unamficha nani?" Bwana Kurebayashi nilipomdokeza alisema mtoto atasahau. Zimebaki sehemu tisa. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, imo mkobani. Nimeingoja nafasi hii miaka kumi na tisa, lakini miguu ya mtoto wangu naitaka zaidi. Niambie, niache kazi, au nishike kanuni na ningoje asahau?

Mtu wa Ndani, Nerima

*

Bwana wa Ndani,

Pole. Nianze na hiyo, kwa sababu nitakayosema baadaye hayatakuwa matamu.

Umeniandikia karatasi nzima kuhusu goti, kichwa na Bwana Kurebayashi. Swali la mwanao umelipa mstari mmoja, ukalichanganya na chenza. Nimelisoma mara tatu kuhakikisha sijakosea. Mtoto wa miaka saba amekuuliza kama utamkata kwa upanga, nawe ukamwambia ale tunda. Mjuba wee! Miaka kumi na tisa unaporomoka machimboni, swali la mtoto likakutoa mbio.

Na unaniambia shuleni hakuna tatizo. Tulia unitegee sikio. Ni nani anayegeuka zimwi katika hiyo tamthilia yenu? Anayekata tamaa. Na hao waliogeuka hufanywa nini? Na anayewafanya hivyo ni nani, kwa hesabu ya Chigusa? Ni baba yake, ameliona goti. Sasa mtoto huyo anaanguka, damu inamtoka, na anatabasamu. Mwalimu anasema amekomaa. Mimi nasema anaogopa kulia. Anajichunga asihuzunike hata chembe, asije akageuka, maana anayekata yumo ndani ya nyumba yake. Wiki tatu anabeba mzigo huo peke yake, nawe unahesabu tu miguu chini ya meza.

Sikukemei ili ujichukie. Nakukemea kwa sababu dawa unayo wewe, na ni rahisi kuliko unavyodhani.

Hiyo barua ya kuacha kazi ichane leo. Ukiondoka sasa, Tetsuba atatembea kwa namna nyingine, atainuka bila kugonga goti, na Chigusa ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona. Atajua swali lake ndilo lililomwondoa baba yake kazini. Huo mzigo usimwongezee. Hizo sehemu tisa zimalize, na uzimalize vizuri.

Kanuni yenu naiheshimu. Mwanangu wa kiume, kabla hajawa mzee mwenye kitambi, naye aliwahi kumlilia shujaa wa televisheni, na nawashukuru waliomfichia jasho lao. Lakini kanuni inalinda siri, na hapo kwako siri imeshatoka yenyewe, kwa miguu yake, asubuhi ya Jumapili. Kilichobaki ni uongo, na uongo hauna kanuni ya kuulinda. Bwana Kurebayashi ni mkuu wa mapigano. Mezani kwako si mkuu wa chochote.

Basi fanya hivi, na ufanye kabla ya hiyo Jumapili, asije akapanga foleni na watoto mia mbili kwenda kumuuliza bubu swali ambalo baba mwenye mdomo alilikwepa. Kaeni kwenye meza yenu ya joto, Mikage naye awepo. Zima televisheni. Mwambie, "Ndiyo, ni mimi. Nilikudanganya, nisamehe." Mweleze kanuni ya kichwa, kwamba huwezi kukivua mbele ya mtoto yeyote hata ukizimia kwa joto, na umwombe akusaidie kuilinda. Watoto wa darasa la kwanza ni watunza siri hodari wakiaminiwa. Mwambie yule mwokaji mikate ni mwenzako wa kazini, na kama anaweza, mwalike chakula cha jioni, Chigusa amwone anavyokunywa supu ya miso akiwa mzima kabisa. Mwambie pia, wazi kabisa, kwamba kulia hakumgeuzi mtu zimwi, na usishangae akiangua kilio hapohapo. Mwache alie mpaka atosheke, usimpe tunda.

Halafu ulijibu swali lake kama lilivyo. Usimwambie tena kwamba mazimwi hayapo, hakukuuliza hilo. Mwambie, "Ukigeuka wewe, nitautupa upanga, nitavua kichwa mbele ya watu wote, na nitakaa na wewe."

Kisha nyamaza, kazi hiyo unaijua kuliko sisi sote. Nyoosha miguu yako chini ya meza, ungoje.