Alfa ya Baba na Datsun Yangu

Via del Forno 14,
Monterovo, Romagna.
11 Juni, 2019

Mpendwa kaka Fiorenzo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Adelaide, na mgongo wako unaendeleaje? Sisi tu wazima. Mama ametimiza miaka themanini na mitatu na bado anakanda tambi za tagliatelle mwenyewe. Ukiugusa ubao wake anakufukuza jikoni.

Barua yako niliipata. Umenishauri niuze Datsun, nibaki na Alfa Romeo ya marehemu baba, nisiwaudhi wazee wa chama cha magari ya zamani. Kaka, niliisoma mara mbili, na sikukutii.

Alfa niliirithi. Baba hakuniruhusu hata kuipangusa taa. Datsun niliikuta kwenye banda la kuku, nikaifufua kwa mikono hii kwa miaka sita. Niiuze kwa sababu imezaliwa Japani?

Jumapili ya mbio za mlimani nikafika na Alfa. Rafiki yangu Iride akaja na Datsun nyuma yangu. Mwenyekiti, Mzee Gualtiero, akatuzuia, mikono kiunoni.

"Ornella binti yangu, hiyo ya Wajapani kaiegeshe kule kwenye matrekta. Hapa tunaheshimu damu."

"Damu au mafuta, Mzee?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia nitapanda mlima na magari yote mawili, dereva mmoja, barabara moja, saa ya chama chake. Mbele ya watu wote angekataaje?

Nikaanza na Alfa. Unaijua: nyepesi, inakata kona kabla hujamaliza kuwaza, na injini inaimba hadi mabega yanacheza. Datsun haiimbi. Ina pua ndefu na silinda sita zinazovuta kama maksai. Kwenye kona ya makaburini mkia ulitaka kututangulia.

Nasema "kututangulia" kwa sababu Mama alikuwa ameshaingia kwenye Datsun na mkoba wake kabla sijaondoka.

"Mama, shuka, unaongeza uzito!"

"Sishuki. Baba yako alinipakia katika ile Alfa nyekundu miaka thelathini, hakuniuliza hata siku moja kama naipenda. Kanyaga!"

Nikakanyaga. Alfa ilishinda kwa sekunde mbili.

"Umeona?" Gualtiero akasema, akininyooshea kikombe. "Damu!"

Kaka, nilikitaka kikombe kile tangu utoto. Nikamrudishia mkononi. Nikamwambia gari la baba halitapokea zawadi mahali ambapo mwenzake anafukuzwa. Ama yote mawili, ama hakuna hata moja. Tukaondoka na yote mawili, Mama akiwapungia mkono kama malkia.

Jana chama kiliniletea barua ya kuniomba nirudi na Alfa. Sikuijibu.

Kwa hiyo usiniandikie tena habari ya kuuza. Njoo uendeshe yote mawili, kisha ubishane nami.

Msalimie wifi Maureen, na umbusu Silvana mdogo. Shangazi Dirce anawakumbuka katika sala zake. Mungu akunyooshee mgongo na akulinde.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, hata ukikasirika,

Ornella